Antena moja, mitambo miwili: kisanduku cha kulinda redio ya kupokea

Redio ya kupokea iliyoungua upande wa antena haionyeshi jeraha. Taa inawaka, spika inavuma, stesheni kubwa za karibu bado zinasikika. Lakini ukitafuta sauti ya mbali iliyokuwa ikikufikia kila siku, hupati kitu. Fundi akiifungua hukuta transista ya kwanza, ile inayopokea mawimbi kutoka kwenye antena, imekufa. Mara nyingi kilichoiua ni kitendo kifupi kuliko kikohozi: mtu alibonyeza kitufe cha kusema kwenye mtambo wa kurusha, huku redio ya kupokea ikiwa bado imeungwa kwenye antena ileile.

Makala hii inaeleza jinsi ya kutengeneza swichi ya kuzuia hasara hiyo kwa kutumia rilei mbili za gari, kopo la bati na vipande vichache vinavyopatikana kwa mafundi wa redio. Inamhusu mtu mwenye mtambo wa kurusha wa masafa mafupi na redio ya kupokea iliyo chombo tofauti, ambaye ana antena moja tu.

Tuanze na hesabu. Sauti nzuri ya mbali katika masafa mafupi hufika kwenye redio yako ikiwa na nguvu ya volti 0.00005 hivi. Mtambo wa kurusha wa wati 100 huweka volti 70 kwenye waya wa antena. Tofauti ni zaidi ya mara milioni moja. Hata mtambo mdogo wa wati 10 huweka volti 22. Redio iliyoundwa kusikiliza mnong'ono haiwezi kuhimili kelele ya namna hiyo sikioni.

Wengine hudhani dawa ni kufunga antena ya pili kwa ajili ya kupokea. Antena mbili zilizotundikwa kwenye kiwanja kimoja husikilizana. Ile ya kupokea huchota sehemu ya nguvu ya jirani yake na kuipeleka moja kwa moja ndani ya redio, na sehemu ndogo tu yatosha kuua. Kwa hiyo hata mwenye antena mbili anahitaji njia ya kuifunga redio yake wakati wa kurusha.

Njia moja, misafara miwili

Tabora inajua habari ya kusubiri ujumbe kutoka mbali. Richard Burton na John Speke waliondoka pwani Juni 1857 wakafika Kazeh, Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba. Stanley alitoka Bagamoyo Machi 1871 akafika Unyanyembe Juni. Mwaka uliofuata Livingstone alikaa Kwihara kwa miezi kadhaa akingoja wapagazi ambao Stanley alikuwa akimtumia kutoka pwani. Barua ilikwenda kwa mwendo wa miguu, kwenye njia nyembamba ya watu kufuatana mmoja nyuma ya mwenzake. Misafara miwili ikikutana, mmoja ulilazimika kupisha. Waya wa antena ni njia ya aina hiyo: mawimbi yanayoingia na yanayotoka hupita humohumo, na lazima awepo wa kuamua nani apishe.

Reli ilifika Tabora mwaka 1912, na miaka hiyohiyo Wajerumani walikuwa wamekwisha kusimamisha vituo vya simu ya upepo Dar es Salaam, Mwanza na Bukoba. Vita vilipoanza, vituo hivyo vilikuwa miongoni mwa shabaha za mwanzo. Tarehe 8 Agosti 1914 manowari ya Uingereza HMS Astraea iliipiga Dar es Salaam kwa mizinga ikilenga kituo cha simu ya upepo. Juni 1915 Waingereza walivuka Ziwa Viktoria wakavamia Bukoba, na kituo cha simu ya upepo kikabomolewa. Aliyepoteza mlingoti alipoteza sauti na masikio kwa pamoja, kwa kuwa vituo vya zama zile vilitumia antena moja kwa kurusha na kupokea. Opereta alivuta mkono wa swichi kubwa kutoka upande mmoja hadi mwingine. Nyingi za swichi hizo ziliundwa ili mkono ukiwa upande wa kupokea, umeme wa mtambo wa kurusha ukatike wenyewe. Sisi tutafanya jambo hilohilo, ila kwa vifaa vya leo.

Kwa nini mtu ahangaike na masafa mafupi wakati kuna simu za mkononi? Mkoa wa Tabora una zaidi ya kilomita za mraba 70,000, sehemu kubwa ikiwa miombo, na ukitoka barabarani kuelekea Ugalla utafika mahali ambapo simu yako ni tochi tu. Afrika Mashariki imewahi kutegemea sana redio hizi. Madaktari Warukao, shirika lililoanzishwa mwaka 1957 na ambalo leo linaitwa Amref, lilijenga kuanzia miaka ya 1960 mtandao wa redio za masafa mafupi uliounganisha hospitali za vijijini, nyingi zikiwa za misheni, na ndege zake. Kwa hospitali ya aina hiyo, redio iliyokufa masikio ilimaanisha mgonjwa ameombewa ndege na hakuna anayejua kama inakuja.

Kwanza leseni

Kusikiliza matangazo ni jambo moja, kurusha mawimbi ni jingine. Tanzania, kurusha bila leseni ni kosa chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010, na anayetoa leseni ni TCRA. Mtu anayetaka kujifunza na kujaribu mitambo yake mwenyewe huomba leseni ya redio ya ridhaa. Vituo vya Tanzania vya aina hiyo vina majina yanayoanza na 5H, vya Kenya 5Z, vya Uganda 5X. Redio ya ridhaa si ya biashara. Kama redio yenu ni ya hospitali, kampuni au hifadhi, na mlipewa masafa maalumu, ulizeni TCRA kabla hamjafungua chochote. Kisanduku tunachokieleza hapa chenyewe hakirushi mawimbi, lakini mtambo unaokitumia unarusha.

Vifaa

Unahitaji rilei mbili za gari za volti 12 zenye miguu mitano, zile za honi, feni au taa kubwa. Zinapatikana katika duka lolote la vipuri vya magari, Tabora mjini, Nzega, Urambo au Igunga. Usichukue kabla ya kutazama mchoro ubavuni. Tunataka yenye miguu 30, 85, 86, 87 na 87a. Zipo nyingine zenye miguu mitano ambazo miguu miwili imeandikwa 87 na hakuna 87a. Hizo hazitufai, ingawa muuzaji atakuapia kuwa ni zilezile.

Maana ya namba hizo ni rahisi. 85 na 86 ni ncha za koili, ile sumaku ya ndani. 30 ndio mguu wa katikati. Koili ikiwa haina umeme, 30 imegusana na 87a. Ukiipa koili volti 12, utasikia "tak!", na 30 inaiacha 87a na kugusa 87. Kama una mita, hakikisha kwa macho yako kabla ya kufunga chochote.

Vingine ni swichi moja ya miguu sita (ile inayowasha njia mbili kwa wakati mmoja), dayodi moja ya 1N4007, dayodi mbili ndogo za 1N4148, kapasita ya mikrofaradi 1000 ya volti 25, rezista ya omu 10, fyuzi ya ampea 1, soketi tatu za waya wa antena, na kopo la bati lenye mfuniko. Kopo la maziwa ya unga linafaa vizuri, kwa sababu bati linakubali risasi ya kulehemu. Boksi la plastiki usilitumie, maana mawimbi hupenya humo kama hakuna kitu.

Kufunga

Toboa kopo matundu matatu na funga soketi: ANTENA, KURUSHA, KUPOKEA. Ziandike kwa rangi isiyofutika. Kuchanganya KURUSHA na KUPOKEA ni kuunguza redio kwa kutumia chombo kilekile kilichotengenezwa kuilinda. Upande wa nje wa kila soketi ulehemiwe vizuri kwenye bati.

Rilei ya kwanza ndiyo inayochagua njia. Kati ya soketi ya ANTENA unaiunga kwenye mguu 30. Mguu 87 unakwenda soketi ya KURUSHA. Mguu 87a unakwenda kwenye mguu 87a wa rilei ya pili.

Rilei ya pili ndiyo mlinzi. Mguu wake 30 unaungwa na kati ya soketi ya KUPOKEA, na mguu wake 87 unalehemiwa kwenye bati la kopo, yaani ardhi.

Fuata njia kwa kidole. Rilei zikiwa hazina umeme, mawimbi yanaingia kwenye antena, yanapita rilei ya kwanza kupitia 87a, yanapita rilei ya pili kupitia 87a, yanafika kwenye redio. Zikipata umeme, antena inaungwa na mtambo wa kurusha, na mlango wa redio unagusishwa ardhi. Kipande cha waya kilicho kati ya rilei mbili kinabaki hewani, hakijaungwa na upande wowote.

Je, rilei moja haitoshi? Watu wengi wanafunga moja, na kwa mtambo wa wati chache inaweza kukaa miaka. Lakini ndani ya rilei, 30 na 87a zikiachana hukaa karibu mno, nafasi ya unene wa kucha. Umeme wa betri hauruki nafasi hiyo. Mawimbi ya redio hupenyeza kidogo. Ukirusha kwa wati 100, kinachopenya rilei moja kinaweza kufika sehemu ya tatu ya volti kwenye mlango wa redio, mara maelfu ya kile redio ilichozoea. Ukiweka nafasi mbili badala ya moja, na mlango ukiwa umegusishwa ardhi, kinachobaki hakina madhara. Rilei ya pili ni bei ndogo kuliko transista na nauli ya kwenda kumtafuta fundi anayeweza kuibadilisha.

Waya za ndani zinazobeba mawimbi ziwe fupi, chini ya sentimita 5 kila moja ikiwezekana. Zinazopeleka umeme wa koili zinaweza kuwa ndefu, ila zizunguke mbali na za mawimbi.

Sasa dayodi. Zile mbili ndogo za 1N4148 ziunge kwenye soketi ya KUPOKEA, kutoka kati hadi bati, moja ikitazama huku na nyingine ikitazama kule. Volti ikizidi 0.7 hivi, dayodi hufunguka na kuimwaga ardhini. Ni kinga ya pili iwapo rilei itakwama. Ukiona baada ya kuziweka stesheni zinaingiliana kwa fujo, huenda uko karibu na mnara wenye nguvu. Weka dayodi mbili mfululizo kila upande badala ya moja.

Ile kubwa ya 1N4007 inawekwa kwenye koili, mstari wake mweupe ukitazama chanya. Koili inapokatiwa umeme hupiga teke, yaani hutoa volti nyingi kwa muda mfupi, na teke hilo huharibu swichi na vyombo vya jirani. Baadhi ya rilei zina dayodi ndani tayari. Hizo ukigeuza chanya na hasi utaiunguza. Mchoro wa ubavuni utakuonyesha.

Utaratibu wa kubadili

Hapa ndipo visanduku vingi vya nyumbani vinapokosea. Kubadili antena hakutoshi. Lazima kubadilishe kwa mpangilio sahihi. Ukienda kurusha, antena ihame kwanza, mtambo uwake baadaye. Ukirudi kupokea, mtambo uzimike kwanza, antena irudi baadaye. Ukivunja utaratibu huu, rilei inakatiza ikiwa na nguvu ya mtambo juu yake. Cheche zinakula sehemu za kugusana, na mtambo wenyewe unajikuta hauna antena kwa nukta hiyo, jambo ambalo transista za kurushia hazilipendi hata kidogo.

Swichi ya miguu sita inatatua sehemu kubwa. Upande wake mmoja unapeleka volti 12, kupitia fyuzi, kwenye koili za rilei zote mbili. Upande wa pili unapitishia waya wa kitufe cha kusema cha mtambo wa kurusha. Hivyo swichi ikiwa upande wa kupokea, hata mtoto akibonyeza kipaza sauti hakuna kinachotoka. Unabadili swichi, unasikia "tak!", ndipo unabonyeza na kusema.

Wakati wa kurudi kuna hila ndogo. Chukua kapasita ya mikrofaradi 1000, iunge mfululizo na rezista ya omu 10, na uziweke sambamba na koili, chanya kwa chanya. Ukiwasha, rilei zinavuta mara moja. Ukizima, kapasita inaendelea kuzilisha koili kwa muda mfupi, pungufu ya sehemu ya kumi ya sekunde, wakati waya wa kitufe umekwisha kukatika. Mtambo unanyamaza, kisha antena inarudi. Wengine huiweka kapasita kwenye upande wa kitufe wakidhani wanachelewesha mtambo kuwaka. Kweli unachelewa kuwaka, lakini unachelewa kuzimika pia, na kuzimika ndiko kunakoua redio.

Rilei mbili zikivuta hula karibu ampea 0.3. Wakati wa kusikiliza hazili chochote, na ndiyo maana tumeziweka ziwe upande wa kupokea zikiwa zimelala. Kwa mwenye betri ya sola hilo si jambo dogo, kwani anayesikiliza saa nne kwa kawaida husema dakika chache. Tena betri ikiisha ghafla, antena inarudi kwa redio, na kitufe hakiwezi kufanya kazi swichi ikiwa upande wa kupokea.

Mipaka yake

Kisanduku hiki ni cha masafa mafupi, hadi megahezi 30, na kwa mitambo isiyozidi wati 100. Usikitumie kwenye redio koli za walinzi na polisi, ambazo hufanya kazi juu ya megahezi 130. Huko miguu mirefu ya rilei ya gari inakuwa kikwazo chenyewe, na nguvu nyingi itarudi kwenye mtambo.

Antena nayo iwe na vipimo vyake. Kwa megahezi 7.1, ambayo iko ndani ya masafa ya ridhaa, waya wa mita 20 uliokatwa katikati, mita 10 kila upande, ukitundikwa kwenye miti kwa kimo cha mita 5 hadi 8, mara nyingi mchana utakupeleka Kigoma, Mwanza na Dodoma bila shida kubwa. Ncha za waya huo zina volti nyingi wakati wa kurusha. Ziwe juu kuliko mkono wa mtu mrefu aliyeunyoosha, na mbali na kamba ya nguo na njia ya mifugo. Kuungua kwa mawimbi ya redio hakuumi kama moto wa jiko. Huingia ndani na huchelewa kupona.

Kujaribu

Usiunge redio mara ya kwanza. Kwa mita, rilei zikiwa zimelala, pima ANTENA hadi KUPOKEA: lazima ziwasiliane. ANTENA hadi KURUSHA: zisiwasiliane. Washa volti 12 na upime tena. Sasa ANTENA na KURUSHA ziwasiliane, na KUPOKEA iwasiliane na bati. Gonga kopo kwa kidole wakati unapima. Namba zikicheza, kuna lehemu iliyoshika nusunusu.

Kisha tengeneza antena ya uongo: rezista 20 za omu 1000, za wati 2 kila moja, zote sambamba. Utapata omu 50 zinazoweza kumeza wati 40. Ziwe za kaboni, si zile za waya uliozungushwa, kwa sababu waya uliozungushwa ni koili. Unga antena ya uongo mahali pa ANTENA na urushe kwa wati 5 kwa sekunde chache, soketi ya KUPOKEA ikiwa tupu. Rilei zisitetemeke, kopo lisipate joto.

Mwisho unga redio na antena ya kweli. Tafuta stesheni dhaifu, isikilize kupitia kisanduku, halafu toa kisanduku na uunge antena moja kwa moja. Sauti ziwe sawa. Kama kupitia kisanduku ni hafifu, sehemu za kugusana za 87a zina kutu au uchafu. Rilei mpya ya gari huwa nayo wakati mwingine, kwa kuwa iliundwa kubeba ampea nyingi za taa, si mnong'ono wa antena. Izungushe "tak, tak" mara 20 au 30, na ikikataa ibadilishe. Redio bado itasikia sauti yako wakati unarusha, maana iko mezani palepale, kwa hiyo punguza sauti ya spika kwanza.

Mvua zikianza, Novemba hadi Aprili, kumbuka kwamba hakuna rilei wala dayodi humu inayoweza kusimama mbele ya radi. Ngurumo ikisikika hata kwa mbali, chomoa waya wa antena kwenye kopo na uutupe nje ya dirisha, mbali na ukuta. Kama utalala au utakwenda shamba, uchomoe kabla ya kuondoka, hata anga ikiwa nyeupe.